Miezi mitatu Chennai na mama mgonjwa: maisha ya kila siku yakoje?

kijana_wa_msamvu

Habari zenu wakubwa kwa wadogo.

Niko Morogoro, ni fundi umeme wa majumbani. Katikati ya Oktoba namsindikiza mama Chennai kwa matibabu ya moyo, valvu moja haifungi vizuri. Daktari wa huku ametuambia tujipange kwa miezi mitatu: vipimo, upasuaji, halafu kusubiri mpaka aruhusiwe kupanda ndege. Ya hospitali nimeshayamaliza, barua ninayo na makadirio ya gharama ninayo.

Kinachonikosesha usingizi ni maisha yenyewe. Mama ana miaka 61, hajawahi kuvuka mpaka, Kiingereza hajui, na akikosa ugali anasema hajala. Wakala anataka tukae nyumba ya wageni inayotazamana na hospitali, alipe yeye kwanza kisha tumrudishie. Nimepiga hesabu ya siku tisini nikaona hela ya dawa itaishia kwenye kitanda.

Kuna mtu anayeishi pale au aliyeishi muda mrefu? Maji, chakula, usafiri, laini ya simu, na mama atashinda vipi mchana kutwa mimi nikiwa kwenye foleni za vipimo. Kihindi nakijua kidogo, cha kwenye filamu.

Natanguliza shukrani.

ngosha_nyamagana

Pole mkuu. Mimi nilikaa wiki tatu na shemeji yangu mwaka juzi. Usijitese, kaa hapohapo mbele ya hospitali. Ukitoka mlangoni umefika, chakula unaagiza kwa simu, wakala anakumalizia kila kitu. Mambo ya kutafuta vyumba mitaani katika nchi ya watu na una mgonjwa, hapana.

bint_chumbageni

Mdogo wangu, pole kwa kuuguza, Mungu amjalie mama wepesi.

Mimi ni mtu wa Tanga na nimeishi Chennai mwaka wa tisa sasa. Kazi yangu ni ukalimani, nasimama kati ya daktari na mgonjwa anayesema Kiswahili, asubuhi mpaka jioni. Kaka wa Nyamagana nimemsoma, na kwa wiki tatu alichosema ni sawa. Kwa miezi mitatu nampinga kabisa, na sababu nitakupa kwa yaliyonikuta mwenyewe.

Nilifika hapa mara ya kwanza kama utakavyofika wewe, nimemleta mama, Oktoba 2016. Tulianza kwenye nyumba ya wageni aliyotuwekea wakala. Dirisha halifunguki, kupika marufuku, ukitaka maji ya moto usiku unapiga simu mapokezi hakuna anayepokea. Mama akaacha kula. Siku ya kumi na tano nikamwambia wakala basi, tukahamia chumba kimoja chenye jiko kwenye kichochoro cha Royapettah, ghorofa ya kwanza, mwenye nyumba anakaa chini.

Hatujamaliza siku kumi pale, usiku wa 8 Novemba serikali ya India ikatangaza kwamba noti za rupia 500 na 1000 za wakati ule mwisho wake ni saa sita usiku huohuo. Fedha zote tulizobadilisha zilikuwa noti hizo. Asubuhi nilikuwa na rupia 140 za kutumika na mama anasubiri upasuaji. Nikashuka kununua maziwa. Mwenye duka, mtu aliyenijua kwa siku kumi tu, akasukuma hela yangu akairudisha, akavuta daftari, akaandika kwa Kitamil, akanisomea kwa sauti: "Africa akka." Akka ni dada. Akanipa pakiti mbili za maziwa na mayai sita. Deni lile nilililipa baada ya wiki tatu, na hakuniuliza hata siku moja. Mchana nikawa nakula Amma Unavagam, mikahawa ya serikali ya jimbo iliyoanza 2013, idli moja, yaani kitumbua cheupe cha mvuke, kwa rupia 1, na sahani ya wali wa sambar, mchuzi wao wa dengu, kwa rupia 5.

Tarehe 5 Desemba usiku akafariki Jayalalithaa, Waziri Kiongozi wa Tamil Nadu, ambaye watu hapa walimwita Amma, yaani mama. Kulipokucha mji wote umefungwa, hakuna duka, hakuna bajaji. Mwenye nyumba wetu alipanda ngazi analia, na mkononi ana sufuria ya wali wa mtindi kwa ajili ya mgonjwa wangu. Wiki haijapita, tarehe 12 kimbunga Vardah kikaingia. Miti mikubwa ililala barabarani huku mizizi ikitazama juu. Siku nne hatukuwa na umeme, na bila umeme pampu haipandishi maji. Vijana wa kichochoro wakawa wanatuletea maji ndoo kwa ndoo mpaka mlangoni, kwa sababu walijua mama ana mshono kifuani.

Kwa hiyo nikikwambia tafuta chumba kwenye mtaa wa watu, usidhani nazungumzia kubana matumizi peke yake. Miezi mitatu ni mirefu, lazima kuna siku kitaharibika kitu, na siku hiyo atakayekusaidia ni mtu aliyekuona jana na juzi ukinunua maziwa.

Tafuta Royapettah, Triplicane, au vichochoro vya nyuma ya Greams Road. Huko wamezoea wagonjwa kutoka Bangladesh, kaskazini-mashariki ya India na kwetu Afrika, vyumba vyenye jiko vinapangishwa kwa wiki na kwa mwezi. Ukijaribu kupanga kama mkazi wa kudumu utaombwa amana nzito, kwa desturi ya mji huu hata kodi ya miezi kumi, kwa hiyo huko usiende. Wengine watakukatalia kwa sababu unakula nyama, na wapo watakaokukatalia kwa rangi yako bila kulisema. Inauma, sikudanganyi, mimi liliniuma sana. Shukuru, nenda mlango unaofuata. Na kabla hujatoa hata rupia moja, panda wewe mwenyewe ngazi mpaka chumbani ukiwaza mama ametoka kupasuliwa. Ghorofa ya tatu bila lifti ni kifungo.

Uliza umeme unahesabiwaje. Serikali ya jimbo inawapa wenye majumba yuniti 100 za bure kila miezi miwili, lakini mwenye nyumba wa muda mfupi hukuuzia yuniti kwa bei yake, na ukiwasha kiyoyozi usiku kucha utashangaa. Wewe fundi nisikufundishe kazi, ila plagi zetu za pini za bapa haziingii kwenye soketi za huku, ni matundu ya duara. Beba adapta mbili kutoka nyumbani.

Maji ndiyo somo la kwanza la mji huu. Ya bombani na ya kisima ni ya kuogea na kufulia, basi. Ya kunywa na ya kupikia uji wa mgonjwa ni ya dumu la lita 20, kila mtaa una kijana anayeyaleta kwa baiskeli au pikipiki, unampa dumu tupu anakupa lililojaa. Mimi nalipa rupia 40. Tazama mfuniko una lakiri isiyochanika, kisha lipanguse shingo kabla ya kuligeuza. Asubuhi utasikia pampu inanguruma chini ya nyumba, hiyo inapandisha maji kutoka shimo la chini kwenda tangi la juu. Jua saa zake, ujaze ndoo mbili za akiba kila siku bila kukosa. Watu hapa hawachezi na maji kwa sababu wameona. Juni 2019 mabwawa manne yanayoulisha mji yalikauka karibu yote, Julai serikali ikaleta maji kwa treni kutoka Jolarpet. Kichochoroni kwetu lori la maji lilikuwa linakuja saa tisa usiku, na foleni ilikuwa ya vibuyu vya plastiki, vyekundu, kijani, vya bluu, vimepangwa na wenyewe wamelala. Hakuna aliyesogeza cha mwenzake.

Kihindi cha filamu kiache Morogoro. Hapa ni Kitamil, na watu walishaingia barabarani mwaka 1965 kukataa kulazimishwa Kihindi. Ukimwambia dereva neno la Kihindi anaweza akakutazama tu. Kiingereza kidogo kinapita, ila maneno machache ya Kitamil yatakufungulia mji. Thanni ni maji, sudu thanni maji ya moto. Evvalavu ni bei gani. Vendaam, sitaki. Podhum, inatosha, hili utalihitaji sana mezani kwa watu. Kaaram vendaam, sitaki pilipili. Seri ni sawa, konjam ni kidogo. Na kama kwetu, mtu haitwi jina kavu: mwanamume aliyekuzidi ni anna, mwanamke akka, mdogo wako thambi, mama wa makamo ni amma. Mwambie mama aseme "amma" na "akka" tu, mengine yatakuja. Ukiona mtu anayumbisha kichwa kushoto kulia unapomwomba kitu, hakatai, anakubali.

Jambo moja utawazidi wageni wengine wote. Hospitali itakwambia gharama kwa laki, na laki yao ni ileile laki yetu, mia elfu. Wataandika 3,00,000, koma inakaa mahali usipoitegemea, usishtuke, ni laki tatu.

Sasa chakula, maana ndicho kilichomwangusha mama yangu. Njoo na kilo chache za sembe za kuanzia. Zikiisha nunua rava, ngano iliyosagwa chengachenga, songa kama ugali, inashika vizuri na ni nyeupe. Lakini kwa mgonjwa mimi nitakwambia ulezi. Huku unaitwa ragi, unga wake uko kila duka. Watamil wana uji wake, koozh, unauzwa kwenye mikokoteni siku za joto pamoja na vitunguu vidogo, na wana ugali wake, wanauita kali, bonge jeusi kama la Singida. Ulezi wenyewe asili yake ni Afrika Mashariki, ulivuka bahari zamani sana. Nilipomwonyesha mama yangu bonge lile kwenye jani la mgomba alilishika kwa vidole, akanusa, akasema, "Hiki nakijua." Siku hiyo alimaliza.

Mchicha upo wa aina tano au sita, wanauita keerai, akina mama wanapita nao asubuhi vichwani. Mihogo ipo, maravalli. Ukwaju, nazi, embe kwa msimu, vyote. Dagaa wakavu wapo kwa wauza samaki sokoni, waulize nethili. Ndani ya sambar utakuta vijiti vya kijani vya kutafuna, ni maganda ya mlonge, sisi kwetu tunakula majani tu. Nyama halali na mboga utavipata soko la Zam Bazaar, kutoka Royapettah unakwenda kwa miguu. Chumvi ya chakula cha mkahawani ni nyingi kwa mtu wa moyo, ndiyo maana nashikilia jiko. Nunua jiko la umeme la sahani moja, lile la induction linalopasha kwa sumaku, lakini kumbuka sufuria zetu za alumini hazishiki moto juu yake, inatakiwa ya chuma kinachonasa sumaku. Watu wengi wameleta sufuria nzuri kutoka Kariakoo zikakaa bure.

Maziwa yanauzwa kuanzia saa kumi na moja alfajiri, ya Aavin, shirika la maziwa la jimbo, na pakiti zinajulikana kwa rangi. Bluu ni mepesi, chungwa ndiyo yenye mafuta mengi. Mama apewe bluu.

Usafiri sitakaa sana. Bajaji wanaziita auto. Nauli rasmi iliyopangwa 2013 ilikuwa rupia 25 kwa kilomita 1.8 za mwanzo, ila mita huwa haiwashwi. Angalia bei kwenye programu ya simu kwanza, ndipo uzungumze na dereva, au itisha kwenye programu yenyewe na umtajie tarakimu nne zitakazotokea. Treni ya Metro ni safi na ina lifti, kutoka uwanja wa ndege inakuja moja kwa moja mpaka kituo cha Thousand Lights. Siku ya kufika, na mgonjwa na masanduku, panda teksi. Mabasi ya kawaida ya mji wanawake wanapanda bure tangu 2021, kondakta anakupa tiketi isiyo na bei; safu ya kushoto ni ya wanawake, wewe kijana usikae hapo.

Oktoba unayokuja ndiyo mvua zinaanza, mpaka Desemba. Barabara zinajaa maji. Kandambili za mpira, mwavuli mkubwa, chandarua, na nguo za kukauka haraka.

kijana_wa_msamvu

Dada, nimesoma nikamsomea na mama. Aliposikia habari ya yule mwenye duka na daftari alinyamaza kidogo, akaniambia nisome tena.

Naomba niulize matatu. Viza tuliyoelekezwa na wakala ni ya mtandaoni, itatosha? Hela natembea nayo vipi, nasikia huko kila mtu analipa kwa simu? Na mama atakaa vipi peke yake mchana. Halafu mama mwenyewe anauliza kama aje na mbuzi yake ya nazi.

mwana_kisauni

Ndugu yangu, la viza nijibu mimi maana lilitukuta. Mimi ni wa Mombasa, nilikuwa Chennai na kakangu kwa ajili ya figo mwaka 2022. Viza ya matibabu ya mtandaoni ni siku 60. Wewe wataka siku 90. Kwa hivyo ama uombe ubalozini ile ya kubandikwa kwenye pasipoti, ama ujue mapema kwamba utaongeza muda ukiwa huko kupitia mtandao wa uhamiaji wao, e-FRRO. Mama awe na ya mgonjwa, nawe ya msindikizaji, usiende kwa ya utalii.

Sasa sikiliza hapa. Mwenye nyumba yeyote anayemlaza mgeni ana lazima ya kumripoti kwa uhamiaji ndani ya saa 24. Watu wote huko waiita fomu C. Nyumba tuliyofikia sisi walituambia washaipeleka, tukawaamini. Siku ya hamsini tukiomba kuongeza muda, mtandao wataka nakala ya fomu C, nao hawajapeleka kitu. Tulizunguka siku tano na kakangu amefunga mpira tumboni, tiketi ikabidi ibadilishwe, na pesa hazikurudi. Usiku wa kwanza, kabla hujalala, mwambie mwenye nyumba akupe nakala. Akisema kesho, keti palepale mapokezi mpaka aichape.

Na kadi ya njano ya chanjo ishike mkononi pamoja na pasipoti, usiitie kwenye sanduku.

ngosha_nyamagana

Hilo la fomu C sikulijua kabisa. Na kwa siku tisini dada amenishawishi, nilikuwa naongelea wiki tatu.

bint_chumbageni

Kaka wa Kisauni ahsante, umesema lote. Niongeze tu kwamba hiyo nakala ya fomu C itakufaa na kwenye laini ya simu. Nenda duka la kampuni yenyewe, usinunue kwa mtu wa barabarani, uwe na pasipoti, viza na picha ndogo. Inaweza kuchukua siku nzima kufunguka, kwa hiyo fanya kesho yake tu ya kufika. Bila namba ya India utapata shida kuitisha auto na kuagiza dawa, karibu kila kitu kinatuma tarakimu za uthibitisho kwenye simu.

Hela: ni kweli, hata muuza madafu ana kile kibao cha kuchanganua kwa simu. Mgeni asiye na akaunti ya benki ya hapa mara nyingi anategemea taslimu. Badilisha kidogokidogo, omba noti za 100 na 50, maana ukimpa muuza mboga noti ya 500 asubuhi atasema chillarai illai, hana chenji, na hapo hasemi uongo. Hospitali lipa kwa kadi au kwa kutuma benki, na risiti zote weka bahasha moja. Dawa za kutumia muda mrefu ulizia kwenye maduka ya Jan Aushadhi, ni mpango wa serikali wa dawa zisizo na jina la kampuni, dawa ileile kwa bei ya chini sana. Mwonyeshe daktari kwanza kabla ya kubadilisha.

Kuhusu mchana wa mama. Saa kumi na mbili asubuhi afungue mlango. Ataona kila mwanamke wa kichochoro anafagia mbele ya kizingiti chake, ananyunyiza maji, halafu anachora maua kwa unga mweupe. Hiyo ni kolam. Wanadondosha unga kati ya kidole gumba na cha shahada, mstari mmoja bila kukatika, nukta kwa nukta, na wala hawainui kichwa. Mama yangu alikuwa anakaa kwenye ngazi na kikombe chake cha chai akitazama, hajui neno moja la lugha yao. Wiki ya tatu akapewa unga. Mstari wake ulikwenda kombo, msichana wa nyumba ya pili akamshika mkono akauongoza. Baada ya hapo sikumkuta mama amekaa peke yake tena, nikirudi kutoka hospitali namkuta barazani chini anachambua kunde na wenzake.

Saa nne anapita mtu wa pasi na mkokoteni wake, pasi ya mkaa kama zile za zamani kwetu, kanga za mama atazinyoosha vizuri. Watamuuliza kanga ni nini na maandishi yanasema nini, ajiandae kwa hilo. Viatu anavua mlangoni, kitu anapokea na kutoa kwa mkono wa kulia, haya hata hahitaji kufundishwa. Na wewe kikoi chako njoo nacho. Wanaume wa hapa wanavaa lungi mpaka dukani, utakuwa umevaa kama wao. Wanaikunja mpaka magotini wakitembea, lakini akitokea mzee utaona mkono unashuka, lungi inafunguliwa mpaka miguuni ndipo wanamsalimu. Fanya hivyohivyo.

Kama mko Waislamu, Triplicane uko Msikiti Mkubwa wa Wallajah, wa mwaka 1795. Mwezi wa Ramadhani watu wanafuturishwa pale kwa mamia, na wanaogawa futari kwa miaka mingi sana ni kikundi cha Wahindu. Niliwahi kuuliza mmoja wao anachota uji, akaniambia baba yake pia alichota hapo.

Mbuzi ya nazi iachwe nyumbani, uzito bure. Kila jiko la Kitamil lina aruvamanai, ubao wenye kisu kimesimama kimepinda kama mundu, unaukalia au unaukanyaga, mboga unaisukuma kwenye makali kwa mikono miwili. Ncha ya kile kisu ina meno ya duara, na hayo meno ni ya kukunia nazi. Mama yangu alipoiona alikaa juu yake kama amekaa Chumbageni, akakuna nazi mbili, akapika mchicha, bakuli moja likashuka chini kwa mwenye nyumba. Kwa mama yako daktari ndiye wa kusema kuhusu tui, na baada ya upasuaji asikune kabisa mpaka kifua kipone, hiyo kazi ni yako.

Mwenye nyumba yule yupo bado na chumba cha juu kinakuwa wazi mwanzoni mwa Oktoba. Ngazi ni kumi na nne, kuna mahali pa kupumzika katikati. Nitumie tarehe ya tiketi pembeni nimwambie asikitoe. Na mama akipata nafasi kwenye sanduku aweke kanga moja ya zawadi, doti nzima, nyekundu.